Insha ya Kurasa 6

Mara ya kwanza kuandika kuhusu ubongo unaovimba nililipwa shilingi 2,100. Kurasa 6, kila ukurasa 350, mteja mwanafunzi wa unesi huko Marekani ambaye sijui jina lake wala yeye hajui langu. Kazi iliingia saa tatu usiku, ilitakiwa saa kumi na mbili asubuhi. Swali: eleza utakavyomhudumia mgonjwa ambaye ubongo wake umevimba baada ya kukosa damu. Nikatengeneza kahawa, nikafungua vitabu vya PDF ambavyo sikuvinunua, nikaandika. Kuna sentensi moja niliyoionea fahari, ile ya kwamba mgonjwa alazwe kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuzi 30 na shingo iwe imenyooka, ili damu inayorudi kutoka kichwani ishuke bila kubanwa. Mteja alipata A, akanipa nyota tano. Nikalala.

Kwa wasiojua, hii ni kazi ya vijana wengi hapa Kenya. Tunawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Najua si halali, msianze. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, sasa nawasomea shahada watu ambao karo wanayo.

Miezi 14 baadaye, Ijumaa moja, saa kumi na dakika 40 alfajiri, nilikuwa macho na kazi ya mtu mwingine (historia ya reli, kurasa 4) niliposikia harufu ya hamri linaloungua. Mamangu haunguzi mahamri. Anauza mbaazi na mahamri hapa Likoni tangu mimi niko darasa la pili, na wateja wake wengi ni watu wa kuwahi feri, wa kuvuka kwenda kazini kisiwani. Nilitoka nikamkuta ameketi chini, mgongo ukutani, mwiko mkononi. Mdomo ulikuwa umeenda upande.

“Mama, vipi?”

“Sina kitu. Geuza mahamri.”

Nikamwambia ainue mikono. Wa kulia ukapanda. Wa kushoto ukabaki pajani kama wa mtu mwingine. Nikamwambia ainue yote miwili, akanitazama kwa hasira: “Si nimeinua?”

Nilijua. Sisemi nilishuku, nilijua, kwa sababu hata hilo nilikuwa nimeliandika: kiharusi kinachopiga upande wa kulia wa ubongo hupooza upande wa kushoto wa mwili, na mara nyingine humficha mgonjwa mwenyewe asijue kuwa amepooza. Nilijua pia kwamba kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na kwamba inafaa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuhakikisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Saa tatu na dakika 10. Hesabu niliifanya pale pale, hamri likiungua.

Sasa nieleze jinsi saa 4 na nusu zinavyoisha. Jirani alitoa tuktuk yake. Zahanati iliyo karibu ndiyo iliyokuwa wazi, tukaingia hapo. Presha ilikuwa 210 kwa 120. Wakasema ni presha, apumzike, daktari anaingia saa mbili. Wakamtundikia dripu. Nikasoma chupa: maji ya sukari, asilimia 5. Kwenye insha yangu, ukurasa wa 3, niliandika kwamba mgonjwa wa namna hii hapewi maji ya sukari, kwa kuwa mwili huila ile sukari, yanabaki maji matupu, na maji matupu hukimbilia kwenye ubongo ambao tayari unayanywa. Nilimwangalia yule mhudumu. Ana koti jeupe, mimi nina kaptula na masizi ya mahamri. Nikanyamaza.

Baadaye sana nilimwuliza daktari kuhusu ile chupa. Akasema chupa moja haikuleta yote haya, niache kujitesa. Namwamini. Lakini sikunyamaza kwa sababu niliamini chupa moja haina neno. Nilinyamaza kwa sababu nilijiona ni mtu wa kunakili tu.

Tulitoka hapo saa tatu kasorobo kwa ubishi wa Khala, dada yake mama, ambaye alifika akaona dadake amepinda mdomo na hakuna daktari, akaanza kupiga kelele hadi tukaandikiwa barua. Kisha feri. Watu wa Likoni mnaijua feri, sina haja ya kuwaeleza. Walitupisha, kweli, wakatuweka mbele, lakini feri hata ikikupisha ni lazima ifike, ishushe, ipakie. Kuna makadirio maarufu kwamba kiharusi kikubwa kisipotibiwa huua seli milioni 1.9 za neva kila dakika. Nilikuwa nimeyatia kwenye utangulizi wa insha kwa sababu walimu wa Marekani wanapenda utangulizi wenye namba. Mama alikuwa ananilalia begani, anatazama bahari upande wa kulia peke yake.

Picha ya kichwa ilipigwa saa tano na nusu. Hakuna mshipa uliopasuka. Mshipa mkubwa wa kulia umeziba. Dawa ya kuyeyusha, muda umepita.

*

Jioni ile mama alikuwa anaongea, na hilo ndilo lililotudanganya wote. Kwetu mtu akisikia kiharusi anatarajia mgonjwa asiyetoa neno. Mama alitoa maneno mengi. Aliuliza nani amefunga kibanda, akataja wateja waliokuwa na madeni. Alilalamika kwamba kuna mtu amelala naye kitandani. “Mwambie huyu atoe mkono wake hapa,” akasema, akiusukuma mkono wake mwenyewe wa kushoto kwa mkono wa kulia. Tukacheka. Mjomba, ndugu yao mkubwa aliyefika kutoka Msambweni, akasema Mungu mkubwa, kumbe ni kidogo tu.

Daktari wa zamu hakucheka. Alituita pembeni akasema sehemu iliyokosa damu ni kubwa, na ubongo utavimba. Siku ya pili hadi ya tano ndizo za kuziogopa. “Akianza kulala sana, niiteni. Msiseme anapumzika.”

Khala akapiga simu nyumbani, akasema dada ana uvimbe kichwani. Kiswahili chetu hapa kimetupunja: ubongo uliovimba na uvimbe kwenye ubongo ni vitu viwili tofauti kabisa, kimoja maji na kingine nyama, lakini neno ni lile lile. Kufikia usiku ukoo mzima wa kusini ulijua mama ana kansa. Mtu mmoja anayeuza dawa Ukunda akampigia Mjomba, akamwambia tuwaombe madaktari wamchome dexa, inashusha uvimbe vizuri sana. Mjomba akalishika hilo. Daktari akaeleza kwa upole kwamba dexa hushusha ule uvimbe unaozunguka nyama iliyoota kichwani, lakini kwa kiharusi cha mshipa ulioziba haisaidii, tena ina madhara yake. Mjomba hakuridhika. Tangu hapo alianza kuwaona madaktari kama watu wanaoficha dawa.

Usiku ule Khala aliniuliza, ubongo unavimbaje, kwani umepigwa? Hapo nikaona kwamba kurasa 6 za Kiingereza hazinisaidii hata kidogo. Nikamwambia: Khala, mbaazi. Kila usiku mama analoweka mbaazi kwenye sufuria kubwa, na hajazi, anaacha nafasi, kwa sababu asubuhi zitakuwa zimepanda. Seli ya ubongo ina pampu inayotupa chumvi nje mchana na usiku, na pampu hiyo inatumia nguvu inayoletwa na damu. Damu ikikatika, pampu inasimama, chumvi inaingia, na maji yanaifuata chumvi. Seli inajaa kama mbaazi. Baada ya muda hata vijishipa vyenyewe vinaanza kuvuja, maji ya damu yakapenya katikati ya zile seli. Ungekuwa ni mguu, ungevimba ukaonekana, tungeukanda. Lakini hii ni mbaazi iliyolowekwa ndani ya mkebe wa chuma, ukajazwa pomoni, ukafungwa kifuniko.

“Mkebe utapasuka,” Khala akasema.

“Haupasuki. Fuvu halipasuki.”

Akafikiri. “Basi zitapondeka zenyewe.”

Ndivyo. Daktari mmoja wa Edinburgh, Alexander Monro, alishaliona hilo mwaka 1783: ndani ya fuvu mna ubongo na damu, na jumla haiwezi kuongezeka kwa sababu mfupa hautanuki. Waliomfuata wakaongeza maji yanayouzunguka ubongo kwenye hesabu. Kimoja kikizidi, kingine lazima kipungue. Kwanza hupungua yale maji, kisha damu, na damu ikipungua hata upande uliokuwa mzima unaanza kukosa. Mwisho ubongo wenyewe unasukumwa kuelekea pale penye nafasi, chini, kwenye shina lenye kazi ya kutufanya tupumue.

*

Jumamosi saa moja jioni mama alianza kukoroma. Mjomba akasema tumwache, amechoka. Nikamwamsha. Akafungua macho, akasema jina la dadangu, akarudi. Saa tatu nikamwamsha tena, nikamfinya bega, akanisukuma bila kufungua macho. Wodi ilikuwa imejaa, nesi wawili kwa vitanda sijui vingapi. Kitanda chetu kilikuwa kimeharibika mkono wa kukiinulia, kwa hiyo nesi mmoja alikuwa amegeuza kiti cha mbao, akakiweka chini ya godoro upande wa kichwani. Nilikadiria kwa jicho. Nyuzi 30, labda 35. Sijawahi kupenda kiti namna ile.

Nikaenda kwa nesi nikasema, mama hapumziki, mama anazama. Ni neno lililonijia tu. Akaja na tochi, akamfungua macho. Mboni ya kushoto ikajikunja. Ya kulia ilikuwa kubwa, na ikajikunja polepole, kama mtu asiyetaka kuamka. Nesi hakusema kitu, akaanza kutembea haraka.

Wakamtundikia manitoli. Niliijua, nilikuwa nimeiandikia aya nzima, lakini sikujua kwamba nesi huinua mfuko akautazama kwenye taa kabla ya kuutundika, kwa sababu manitoli ya asilimia 20 ikipata baridi hufanya chembechembe kama sukari guru, na chembe hizo haziruhusiwi kuingia kwenye mshipa. Ni jamaa ya sukari hasa, hutiwa hata kwenye chingamu zile zisizo na sukari. Kazi yake ndani ya damu ni ile ya chumvi kwenye kachumbari: unakata kitunguu na nyanya, unanyunyiza chumvi, ukigeuka maji yamejaa bakuli. Inayavuta maji kutoka kwenye ubongo yarudi kwenye damu, figo zinayatoa. Ndani ya saa moja mfuko wa mkojo chini ya kitanda ulikuwa umejaa na nesi akaubadilisha, na mama akafungua macho akauliza ni saa ngapi.

Khala alilia kwa furaha. Lakini ile dawa ni ya kukopa muda. Huvuta vizuri zaidi upande ulio mzima kuliko upande uliokufa, nguvu yake inaisha baada ya saa chache, na ukiirudiarudia figo zinaumia. Picha ya pili ikatoka. Mstari unaogawa ubongo kati ulikuwa umesukumwa milimita 9 kwenda kushoto.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke, labda ananizidi miaka minane, amevaa kandambili za mpira na kofia ya kitambaa. Alituchorea kwa kalamu nyuma ya karatasi ya vipimo. Wataondoa kipande cha fuvu upande wa kulia, sentimita 12 au zaidi, kikubwa kuliko kiganja. Watafungua ngozi ngumu iliyo chini yake. Ubongo utapata pa kuvimbia, utoke nje badala ya kushuka chini. Ule mfupa watamwekea chini ya ngozi ya tumbo ukae salama, baada ya miezi kadhaa waurudishe. Akasema na hili, alilirudia mara mbili: upasuaji hauponyi sehemu iliyokufa. Mkono hautarudi kwa ajili ya upasuaji. Unauokoa ubongo uliobaki usibanwe. Na ni usiku huu. Vipimo vilivyofanyiwa watu wa umri wake vilikuwa ndani ya saa 48.

Saa 48 zingetimia saa kumi na dakika 40. Ilikuwa saa sita kasoro.

“Mfupa wa kichwa mumtie tumboni,” Mjomba akasema. Hakuwa anauliza.

Sitaki mumwone Mjomba kuwa mjinga. Alikuwa mtu wa miaka 63 ambaye alimlea dadake baada ya wazazi wao kufa, na alichokuwa anaogopa kilikuwa kitu cha kuogopwa. Alisema tumrudishe nyumbani tumsomee, kama ni siku yake aende akiwa mzima, akiwa na kichwa chake. Alisema amewaona watu waliofunguliwa vichwa. Khala akasema afunguliwe. Wakazozana kwa sauti ya chini, ile ya hospitalini. Kisha wote wawili wakanigeukia, mtoto wa kwanza, baba alishafariki, fomu ni yangu.

“Wewe ndiye msomi,” Khala akasema.

“Msomi gani?” Mjomba akasema. “Si aliacha chuo?”

Nikatoa simu. Nilitafuta insha yangu, bado ilikuwa kwenye barua pepe. Ukurasa wa 5 nilikuwa nimetaja, kwa mstari mmoja, utafiti wa mwaka 2007 uliojumlisha majaribio matatu, ya Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi. Wagonjwa 93, umri miaka 18 hadi 60. Nilipouandika ule mstari sikuusoma huo utafiti, nilichukua sentensi kwa mtu mwingine. Sasa niliufungua nikiwa nimesimama kwenye korido, chaji asilimia 11, nikasoma jedwali.

Baada ya mwaka mmoja, kwa kila 100 waliopasuliwa, 78 walikuwa hai. Kwa kila 100 waliotibiwa kwa dawa peke yake, 29. Niliwasomea hivyo. Nilisoma kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili, na nikaona namba inavyomwingia Mjomba. Ni mfanyabiashara wa nazi, hesabu anaijua.

Akauliza: “Na hao 78, wanatembea?”

Jedwali lilikuwa mbele yangu. Kati ya wale 78, 43 walikuwa na ulemavu wa wastani au chini ya hapo, maana yake angalau wanatembea bila kushikwa. 31 walikuwa hai lakini hawawezi kutembea wala kujihudumia bila mtu. 4 walikuwa wa kitandani kabisa. Upande wa wasiopasuliwa, wale wa kushikwa walikuwa 2 tu katika 100, kwa sababu wengine wa hali ile walikufa. Yaani kisu kinawaokoa watu wengi kutoka kaburini, na sehemu kubwa ya hao kinawaacha kwenye kiti.

Nikasema, “Wengi wao.”

Hesabu inanitetea. 43 katika 78 ni zaidi ya nusu. Lakini nilijua alichouliza, na nilijua kwamba nikimwambia kuhusu wale 31 atasema turudi nyumbani, na muda wa kubishana naye haupo. Nilikuwa nimenyamaza mara moja jana yake na sikutaka kunyamaza tena, kwa hiyo nikasema nusu. Mjomba akaitika kwa kichwa. Nikatia sahihi. Walimwingiza saa nane usiku.

*

Mengine nitayapitia mbio. ICU siku 9, mashine ya kupumulia siku 4, grupu ya WhatsApp ya michango ambayo mpaka leo ina watu 212 na naogopa kuifunga. Bima ilikuwa imelala kwa sababu sikuwa nimelipa. Dadangu alikosa mtihani wa kati ya muhula. Niliuza laptopu, nikaandikia wateja kwa simu, dole gumba likanivimba, naam, nalo.

Nilipomwona mara ya kwanza baada ya upasuaji, juu ya kitanda chake palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa plasta: HAKUNA MFUPA KULIA. Asije mtu akamgeuzia upande huo. Ngozi ya pale ilikuwa imefura na inapanda na kushuka kidogo, kwa mapigo. Unautazama moyo wa mamako kichwani. Wiki chache baadaye uvimbe uliposhuka pakabonyea, kama embe lililoangushwa. Rafiki yangu anayeendesha baiskeli za mashindano alitupa helmeti yake, ya njano, na mama akaivaa juu ya leso kila anapokalishwa. Watoto wa mtaa wakawa wanamwita Rubani. Alipenda.

Mfupa ulirudishwa baada ya miezi 5. Tumboni amebaki na kovu ambalo huwaonyesha wageni kabla hawajaliomba.

Anaongea kama zamani. Anadai madeni. Hatembei. Anasimama akishikwa na watu wawili, anapiga hatua nne, tano siku njema. Fundi wa mazoezi ya viungo anasema mwaka wa kwanza bado haujaisha. Upande wa kushoto wa dunia kwake haupo, ndivyo naweza kuueleza: macho yanaona vizuri, ni ubongo ndio hauendi huko. Anajifunga leso upande mmoja. Ukimsalimia kutoka kushoto anageuka kulia kukutafuta. Namchanganua kila siku kwa lile jedwali, leo ni wa 31, leo alipiga hatua saba labda atahamia kwa wale 43, na najichukia kwa kumfanya mamangu safu ya jedwali, kisha kesho yake narudia.

Kibanda nakiendesha na Khala. Mimi ndiye mlowekaji. Naacha nafasi kwenye sufuria.

Mjomba huja kila Alhamisi kutoka Msambweni, analala, Ijumaa anamsaidia kuoga kabla ya sala kwa sababu Khala peke yake hawezi kumwinua. Hajawahi kukosa. Wiki iliyopita tulikuwa tunamtoa kitandani kumpeleka kwenye kiti, mimi kushoto yeye kulia, na mama amelegea siku hiyo, mzito, hatua hata moja haikutoka. Tukamkalisha. Mjomba akajishika kiuno, akahema. Hakunitazama.

“Uliniambia wengi,” akasema.

“Ndiyo, Mjomba.”

“Ulijua.”

“Nilijua.”

Akanyamaza muda mrefu. Nilitegea aseme jambo ambalo ningelibeba maisha, la kunilaani au la kunisamehe. Akasema, “Mletee chakula, ameanza kukasirika.”

Nikaleta sahani, mbaazi na mahamri mawili. Mama akala. Akala upande wa kulia wote, akaufuta kwa kipande cha hamri mpaka ukang'aa, mstari umenyooka katikati kana kwamba umepigwa rula. Upande wa kushoto mbaazi zilikuwa zimekaa vile vile, na hamri zima. Akaisukuma sahani.

“Siku hizi mnanipa kidogo,” akasema.

Mjomba akainama, akaizungusha sahani nusu duara, taratibu, nusu iliyojaa ikaja kulia. Mama akaitazama. Akamtazama Mjomba, akanitazama mimi.

“Ah,” akasema. “Kumbe mlificha.”